Tashihisi na Sayansi: Kuwavika Miungu, Wanyama na Vitu Sura ya Binadamu

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya sekondari hukutana na neno tashihisi kwa mara ya kwanza katika somo la fasihi. Hufundishwa kwamba hiyo ni tamathali ya usemi ambayo kwayo kitu kisicho mtu hupewa sifa za mtu: upepo hunong'ona, jua hucheka, sungura hufanya hila na fisi hutawaliwa na tamaa. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, nalo limetokana na shina lenye maana ya mtu au nafsi. Somo hilo likiisha, mwanafunzi huingia katika chumba cha biolojia, na huko hukatazwa kuandika kwamba mmea "unataka" mwanga au kwamba kuku "anasikitika". Ni mara chache ambapo huelezwa kwa nini jambo linalosifiwa katika chumba kimoja ni kosa katika chumba cha pili.

Makala haya yanakusudia kutoa maelezo hayo. Hoja yetu ni moja, nayo ni hii: tashihisi yafaa kuwa chanzo cha swali, lakini haifai kuwa jawabu. Pale ilipoachwa iwe jawabu, watu wameua wanyama wasiowadhuru na wamezitegemea ishara za uongo katika kazi za hatari. Na pale ilipokatazwa hata kuwa swali, wataalamu wameshindwa kuona mambo yaliyokuwa mbele ya macho yao.

1. Lugha hututangulia

Kabla ya kuwatuhumu washairi, yafaa tutazame sarufi yetu wenyewe. Twasema kisu kimepotea, lakini kifaru amepotea. Kwa umbo la majina yao, kifaru na kiboko wangestahili kufuata ngeli ya kisu na kiti. Lakini sarufi ya Kiswahili huwatoa humo na kuwaweka pamoja na mtu na mtoto. Hata kiroboto, pamoja na udogo wake, huruka kwa kiambishi kile kile tunachompa hakimu. Mti nao una uhai, ila umebaki nje ya mlango: twasema mti umekauka, wala hatusemi mti amekauka.

Vitu visivyo na uhai navyo hukopeshwa viungo na hiari ya binadamu. Meza ina miguu, chupa ina shingo na mdomo, moto una ndimi, na treni ina kichwa. Dereva husema kwamba gari limekataa kuwaka. Fundi wa redio husema kwamba betri imekufa. Misemo hii haina madhara, maana dereva yule yule afunguapo boneti hachunguzi nia ya gari. Huchunguza plagi na waya. Anaitumia tashihisi kwa kusema tu, kisha huiweka kando anapoanza kutafuta chanzo cha ubovu. Hatari huanza pale msemaji anaposahau kuiweka kando.

2. Miungu yenye sura ya watu

Onyo la kale kuhusu jambo hili lilitolewa na Xenophanes wa Kolophon, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyeishi katika karne ya 6 na ya 5 kabla ya Kristo. Wayunani wa zama zake walisimulia habari za miungu walioiba, waliozini na waliodanganyana. Xenophanes alitambua kwamba kila taifa lilikuwa na miungu wenye sura ya taifa hilo. Watu weusi wa kusini ya Misri waliwafikiria miungu wao kuwa weusi, na Wathrakia wa kaskazini waliwafikiria wao kuwa na nywele nyekundu. Akaongeza kwamba lau ng'ombe na farasi wangekuwa na mikono ya kuchorea, wangechora miungu yenye umbo la ng'ombe na farasi.

Wanachuoni wa dini zinazomwamini Mungu mmoja walilichukua tatizo hilo kwa uzito mkubwa. Katika elimu ya Kiislamu kumekuwa na mjadala mrefu juu ya tashbihi, yaani kumfananisha Mungu na viumbe wake, na tanzihi, yaani kumtakasa na mfanano huo. Musa bin Maimuni, mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika kwa Kiarabu kitabu kizima ambacho sehemu yake kubwa yaeleza kwamba maneno kama vile mkono, jicho na ghadhabu, yanapotajwa juu ya Mungu katika maandiko, hayapasi kuchukuliwa kwa maana ya mwili. Wanaofuata somo la fasihi watatambua kwamba neno tashbiha, litumikalo kwa tamathali ya ulinganisho, latoka katika shina lile lile.

Sayansi haina kipimo cha kuamua mambo ya imani, wala hilo si lengo letu. Jambo linaloweza kupimwa ni namna akili ya binadamu inavyofanya kazi inapofikiri juu ya Mungu. Mwaka 1996 wanasaikolojia Justin Barrett na Frank Keil walichapisha utafiti uliofanyiwa wanafunzi wa chuo nchini Marekani. Walipoulizwa waziwazi, wanafunzi hao walieleza kwamba Mungu yuko kila mahali na aweza kushughulikia mambo yote kwa wakati mmoja. Lakini walipopewa hadithi fupi na kutakiwa kuikumbuka, wengi walimsimulia Mungu kana kwamba alimaliza shughuli moja kwanza, ndipo akageukia ya pili, kama afanyavyo karani mezani pake. Basi hata mtu aliyefundishwa kukataa mfanano huo kwa kauli, akili yake huurudia anaposimulia kwa haraka.

3. Kwa nini akili hufanya hivyo

Jaribio mashuhuri katika uwanja huu lilichapishwa mwaka 1944 na Fritz Heider na Marianne Simmel nchini Marekani. Walitengeneza filamu fupi isiyo na sauti. Ndani yake mlikuwa na pembetatu kubwa, pembetatu ndogo na duara dogo, vikizunguka karibu na mstatili wenye upande unaofunguka na kufungwa. Hapakuwa na uso, mkono wala neno. Watazamaji 34 wa kundi la kwanza waliombwa waandike walichokiona. Ni mmoja tu aliyeeleza habari za maumbo ya jiometria. Wengine wote waliona viumbe: pembetatu kubwa ilikuwa mchokozi, ile ndogo ilikuwa shujaa, na duara lilikuwa likikimbia kwa hofu ndani ya nyumba.

Jaribio hili latuonyesha kwamba si sura peke yake inayoamsha tashihisi. Mwendo watosha. Kitu kikianza kwenda bila kusukumwa, kikageuka ghafla na kukifuata kitu kingine, akili hukipa nia mara moja, kabla mwenyewe hajaombwa kufikiri.

Stewart Guthrie, mwanaanthropolojia wa Marekani, alitoa mwaka 1993 maelezo yanayokubaliwa na wengi juu ya asili ya tabia hii. Kwa mfano wa mazingira yetu twaweza kuyaeleza hivi. Msafiri apitaye porini wakati wa magharibi akikidhani kisiki kuwa simba, hasara yake ni mapigo ya moyo na aibu kidogo. Akimdhani simba kuwa kisiki, hatafika nyumbani. Kwa kuwa makosa hayo mawili hayalingani kwa hasara, akili iliyoelekea kuona uhai na nia hata pale visipokuwapo ilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumhifadhi mwenye nayo. Tena, kwa binadamu, kiumbe muhimu kuliko wote ni binadamu mwenziwe: ndiye anayemlea, anayemdhulumu na anayemsaidia. Haishangazi kwamba kiolezo tunachokitumia kwanza kufasiri jambo lolote tusilolijua ni kiolezo cha mtu.

Yafuatayo ni matokeo ya kukitumia kiolezo hicho bila kukipima.

4. Farasi wa Berlin

Mwanzoni mwa karne ya 20 mjini Berlin, Wilhelm von Osten, mwalimu wa hisabati aliyekwisha kustaafu, alikuwa na farasi aliyeitwa Hans. Farasi huyo aliulizwa maswali ya kujumlisha, kugawanya na hata ya tarehe za kalenda, naye akajibu kwa kupiga kwato ardhini mara zilizotakiwa. Von Osten hakutoza ada, na aliamini kwa dhati kwamba farasi wake anafikiri. Mwaka 1904 tume iliyoongozwa na mwanasaikolojia Carl Stumpf ilichunguza, ikathibitisha kwamba hapakuwa na hila yoyote.

Oskar Pfungst, aliyefanya kazi chini ya Stumpf, hakuridhika. Aliligeuza swali "Je, Hans anajua hisabati?" kuwa maswali mawili yanayoweza kupimwa. Kwanza, itakuwaje ikiwa muulizaji mwenyewe hajui jawabu? Pili, itakuwaje ikiwa Hans hamwoni muulizaji? Katika hali zote mbili farasi alishindwa. Pfungst akagundua kwamba muulizaji, baada ya kuuliza, huinamisha kichwa kidogo ili atazame kwato, na farasi huanza kupiga. Idadi sahihi ikifika, mwili wa muulizaji hulegea na kichwa huinuka kwa kiasi kidogo mno, na farasi huacha. Waulizaji hawakujua kabisa kwamba walikuwa wakitoa ishara hizo. Pfungst alichapisha matokeo yake mwaka 1907.

Wengi husimulia kisa hiki kama kichekesho juu ya wajinga. Wajumbe wa tume ile hawakuwa wajinga. Walitafuta udanganyifu na hawakuuona, kwa sababu haukuwapo. Kosa lilikuwa kumvika farasi akili ya mwanafunzi wa hisabati, na vazi hilo likauficha uwezo wake halisi, ambao ni wa ajabu: kuona mtikisiko wa kichwa ambao binadamu waliokuwapo hawakuuona.

Somo hili halijapitwa na wakati. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakiongozwa na Lisa Lit, walichapisha jaribio lililofanywa kwa jozi 18 za mbwa wa kunusa na waongozaji wao. Waongozaji waliambiwa kwamba huenda katika vyumba mmefichwa dawa za kulevya au baruti, na kwamba karatasi nyekundu zingeonyesha mahali fulani zilipo. Kwa kweli hapakufichwa kitu. Hata hivyo taarifa za kwamba mbwa ametoa ishara zilikuwa nyingi, na zilirundikana hasa pale penye karatasi. Imani ya mwongozaji ilikuwa imepita kwa mnyama, au katika jicho lake mwenyewe la kumfasiri mnyama. Mtu anayekamatwa kwa ishara ya namna hiyo hana njia ya kujitetea mbele ya pua ya mbwa.

5. Fisi wa hadithi na fisi wa Ngorongoro

Katika ngano za Afrika Mashariki hakuna mnyama aliyevikwa tabia mbaya kuliko fisi. Ni mwoga, mlafi, mpumbavu, mwizi wa jasho la simba, tena hucheka penye msiba. Uroho wa mtu hulinganishwa na wa fisi. Wageni waliokuja kuwinda na kupiga picha waliichukua hukumu hiyo bila kuikata rufani, kwa kuwa ilielekea kukubaliana na walichokiona asubuhi: simba wanakula, na fisi wamesimama kando wakingojea mabaki.

Mtafiti wa Kiholanzi Hans Kruuk alianza kazi yake katika Serengeti na Kreta ya Ngorongoro katika miaka ya 1960, na kitabu chake juu ya fisi madoa kilitoka mwaka 1972. Kruuk alifanya jambo ambalo watalii hawakulifanya: aliwafuata fisi usiku. Akakuta kwamba katika Ngorongoro sehemu kubwa ya chakula chao waliiwinda wenyewe, wakiwakimbiza nyumbu na punda milia kwa vikundi. Simba walizisikia kelele zao, wakaja, wakawafukuza na kujitwalia mzoga. Kwa hiyo picha ya asubuhi ilikuwa ya kweli kwa jicho na ya uongo kwa maana. Mara nyingi, yule aliyesimama kando ndiye aliyekuwa mwenye mali.

Kicheko nacho kina habari yake. Sauti ile fupifupi inayofanana na kicheko hutolewa hasa fisi anaposhambuliwa au anapozuiwa chakula na mwenziwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na Nicolas Mathevon na wenzake ulionyesha kwamba namna sauti hiyo inavyopanda na kushuka hubeba habari za umri na cheo cha anayeitoa. Furaha haimo. Ni sisi tulioisikia furaha, kwa sababu sauti hiyo ingetoka kwetu tungekuwa tunacheka.

Kay Holekamp na wenzake, ambao wamewachunguza fisi wa Maasai Mara nchini Kenya tangu mwaka 1988, wameonyesha mengine makubwa zaidi. Jamii ya fisi huongozwa na majike, na mtoto hurithi cheo kilicho chini kidogo ya cha mama yake. Katika ugomvi, fisi hujiunga na upande kwa kufuata vyeo vya wagomvi, jambo linaloonyesha kwamba anajua cheo chake na pia uhusiano wa wengine wawili kati yao. Huyo ndiye mnyama aliyeitwa mpumbavu.

Msomaji aweza kuuliza: je, yadhuru nini fisi akisingiziwa? Yadhuru sana. Mfugaji aliyepoteza mbuzi ana machungu ya haki, na fisi huua mifugo kweli. Lakini mnyama aliyekwisha kuhukumiwa kuwa mwovu kwa tabia huuawa hata pasipo ushahidi, tena kwa njia mbaya kuliko zote, ambayo ni sumu katika mzoga. Sumu haichagui. Baada ya fisi hula simba, na baada ya simba hushuka tumbusi kwa makumi. Vifo vya tumbusi kwa sumu, nchini Kenya na Tanzania, ni miongoni mwa sababu kubwa za kupungua kwao. Na mahali walipopungua tumbusi, mizoga hukaa muda mrefu zaidi ikioza karibu na malisho na maji ya watu. Bundi naye huuawa kwa kudhaniwa kuwa mjumbe wa mauti, ilhali kazi yake ya usiku ni kuwinda wanyama wadogo, akiwamo panya shamba ambaye mkulima wa mahindi amjua vema.

6. Hatari ya upande wa pili

Baada ya makosa ya namna hii, wataalamu wengi walitaka kuufunga mlango kabisa. Mwaka 1894 C. Lloyd Morgan wa Uingereza alitoa kanuni inayojulikana kwa jina lake: tendo la mnyama lisielezwe kwa uwezo mkubwa wa akili ikiwa laweza kuelezwa kwa uwezo ulio mdogo zaidi. Alikuwa na mfano wa mbwa wake, Tony, aliyefungua lango kwa kuinua komeo kwa kichwa. Mgeni angesema mbwa huyo ameielewa kazi ya komeo. Morgan alimwona tangu siku za mwanzo akipenyeza kichwa ovyo kati ya nguzo, hadi siku moja komeo likainuka kwa bahati. Na ilichukua majuma kadhaa mbwa kulifanya tendo hilo bila kubahatisha.

Kanuni hiyo ni njema, lakini wengine waliifanya kuwa katazo, jambo ambalo Morgan mwenyewe hakulikusudia. Wakaanza kuandika kana kwamba mnyama hana hofu wala urafiki, ila mwitikio tu. Jane Goodall alipofika Gombe, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwezi Julai 1960, aliwapa sokwe majina. Baadaye wataalamu wa Cambridge walimwambia kwamba ingefaa awape namba, na kwamba habari za nafsi na hisia za sokwe hazina mahali katika sayansi. Hata hivyo, ni sokwe mwenye jina, David Greybeard, aliyeonekana mwezi Novemba 1960 akichomeka ukoka katika kichuguu na kuvuta mchwa awale. Kabla ya hapo utengenezaji na utumiaji wa zana ulihesabiwa na wengi kuwa alama ya binadamu peke yake. Kumtazama kila sokwe kama nafsi ya pekee kulimwezesha mtazamaji kuona tofauti ambazo namba zingezifuta.

Lakini Gombe hiyo hiyo ilitoa fundisho la kinyume. Kati ya mwaka 1974 na 1978 sokwe wa kundi la Kasakela waliwashambulia na kuwaua, mmoja baada ya mmoja, madume wa kundi la Kahama ambao walikuwa wamejitenga nao. Picha ya sokwe kama ndugu mpole wa binadamu ilivunjika. Watafiti walikubali kusahihishwa kwa kuwa walikuwa wameweka kumbukumbu za kila siku, ambazo zilikuwa na nguvu kuliko picha waliyoipenda. Katika miaka ya 1990 Frans de Waal, mtaalamu wa tabia za nyani na sokwe, aliwaonya wenzake kwamba kukanusha kila mfanano kati yetu na wanyama wa jamaa yetu ni kosa sawa na kuukubali kila mfanano.

7. Nishani ya panya

Mfano unaokusanya mambo yote haya umo Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa kemikali ya mabomu ya ardhini na pia kutambua kifua kikuu katika makohozi. Panya mmoja aliyezaliwa huko, Magawa, alipelekwa Kambodia, akasaidia kupata zaidi ya mabomu 100 ya ardhini na silaha nyingine ambazo hazikuwa zimelipuka. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimtunuku nishani ya dhahabu kwa ushujaa wake. Alikufa mwezi Januari 2022.

Je, Magawa alikuwa shujaa? Ushujaa ni kuijua hatari na kuikabili. Panya buku ni mwepesi mno kuweza kulipua bomu, na hatuna ushahidi wowote kwamba anajua bomu ni nini. Amefunzwa hatua kwa hatua kuhusisha harufu fulani na mlio mdogo, na mlio huo na kipande cha chakula. Nishani ile iliwafaa wanadamu: iliwavuta watu kuitambua kazi ya kuokoa maisha, na kwa kazi hiyo tashihisi yastahili heshima.

Uwanjani mambo ni mengine. Mkulima atakayelima shamba lililotangazwa kuwa salama hakanyagi juu ya ushujaa wa panya. Anakanyaga juu ya usahihi wa kipimo. Kwa hiyo mnyama wa kazi hiyo hapana budi apimwe katika eneo ambalo hata mwongozaji wake hajui mabomu yalizikwa wapi, la sivyo tutakuwa tumerudi Berlin kwa Hans. Atakayesema "panya wangu ni mwaminifu, hawezi kunidanganya" amesema jambo la upendo, lakini kama mpimaji ameacha kazi yake.

8. Mashine isemayo "mimi"

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha teknolojia cha MIT nchini Marekani, alieleza habari za programu ya kompyuta aliyoiita ELIZA. Iliiga mazungumzo ya mganga wa maradhi ya nafsi kwa kuyachukua maneno ya mtumiaji na kuyageuza kuwa swali. Mtu akiandika kwamba ana huzuni, programu humuuliza ana huzuni kwa sababu gani. Weizenbaum alishangaa kuona watu wakiizungumzia siri zao. Katibu wake, aliyejua vema kwamba hiyo ni programu, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Kama ilivyokuwa kwa Hans, hekima iliyoonekana kutoka upande wa pili ilikuwa imeletwa na muulizaji.

Programu za lugha za siku hizi zina uwezo mkubwa zaidi, nazo hazifanani na ELIZA katika muundo. Hujifunza kutokana na maandishi mengi mno yaliyoandikwa na watu, kisha hutunga maneno yanayoelekea kufuata. Kwa kuwa watu katika maandishi yao husema "mimi nafikiri" na "nasikitika", programu nazo husema hivyo. Neno hilo peke yake halithibitishi kwamba ndani kuna mwenye kusikitika, wala halithibitishi kwamba ndani hakuna uwezo wowote wa kuchunguzwa. Sawa na kicheko cha fisi, ni sauti inayohitaji kupimwa. Kwa mtumiaji wa kawaida onyo la vitendo ni moja: lugha ya upole na yakini isichukuliwe kuwa dalili ya ukweli wa habari inayotolewa.

9. Utaratibu wa kufuata

Kutokana na mifano tuliyoiona, mwanafunzi anayechunguza tabia ya kiumbe au kitu chochote ataweza kujiongoza kwa hatua nne zifuatazo.

Kwanza, andika tendo kabla ya tafsiri. "Mbwa ameinamisha kichwa na kulaza masikio" ni tendo. "Mbwa anajuta" ni tafsiri. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz alichunguza mbwa 14 pamoja na wenye mbwa, akaona kwamba sura ya kujuta ilitokana na kukaripiwa, hata kwa mbwa ambaye hakutenda kosa. Mwenye kuandika "anajuta" tangu mwanzo asingeweza kuligundua hilo.

Pili, igeuze tashihisi kuwa dhana inayoweza kushindwa. Ukidhani mnyama anajua, tafuta hali ambayo kujua kwake na kutojua kwake kutaleta matokeo tofauti.

Tatu, mfiche muulizaji. Pima mahali ambapo mwenye kutazama hajui jawabu linalotarajiwa.

Nne, usikatae mfanano kwa sababu tu ni mfanano. Sokwe ni jamaa wa karibu wa binadamu kwa nasaba, na si ajabu baadhi ya hisia zao kufanana na zetu. Kwa kiumbe aliye mbali nasi zaidi, ushahidi unaotakiwa huongezeka.

Kwa kufuata utaratibu huu, mshairi hatanyang'anywa upepo wake unaonong'ona, wala mtoto hatanyimwa hadithi ya sungura. Kila moja itakaa mahali pake, na fisi atapata walau nafasi ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa.

Maswali ya kujipima

1. Taja misemo mitano ya eneo lako inayovipa vifaa vya nyumbani au vya kazini viungo au nia ya binadamu. Ni upi kati yake unaoweza kumpotosha mtumiaji wa kifaa?

2. Chagua mnyama mmoja wa ngano za kwenu. Andika sifa tatu anazopewa, kisha eleza ni kwa utazamaji wa namna gani kila sifa ingeweza kuthibitishwa au kukanushwa.

3. Jirani asema kwamba ng'ombe wake ni "mkaidi", hataki kusimama akamuliwe. Orodhesha sababu za kimwili zinazopasa kuchunguzwa kabla ya kulikubali neno hilo.

4. Eleza kwa nini tume ya mwaka 1904 haikugundua siri ya Hans ingawa wajumbe wake walikuwa waangalifu.